Hofu Inayokausha Kitimoto

Jioni ya leo nazungumzia chopsi za nguruwe zinazopikwa nyumbani, na nataka niseme mapema ninachokiamini: nyama hii tunaikausha wenyewe. Nguruwe hana kosa, bucha mara nyingi halina kosa, na wala huhitaji jiko la hoteli. Tunaikausha kwa sababu tunaiogopa. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli kabisa, ila tumezoea kuitibu mahali pasipo pake.

Najua wapo wasikilizaji ambao imani yao hairuhusu nyama hii. Nawaheshimu, na nawaomba wavumilie. Mengi nitakayosema kuhusu chumvi na moto yanafaa vilevile kwa kifua cha kuku, ambacho nacho tunakikausha hivyo hivyo.

Tuanze na pishi tunalolifahamu. Ukiagiza kilo ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, Sinza, Mbeya au Moshi, mpishi anachukua nyama iliyokatwakatwa pamoja na ngozi na mafuta yake, anaitia karaini na chumvi, ndimu na tangawizi, anaiacha ichemke kwa maji yake mpaka yakauke, halafu mafuta yaliyotoka humohumo yanaikaanga hadi rangi igeuke. Inaletwa mezani na ndizi, kachumbari na pilipili pembeni. Kampala wanapenda kuila na muhogo na parachichi. Sina neno na pishi hilo. Ni tamu, na lina akili ndani yake. Nyama inayotumika hapo kwa wingi ni ya bega, ya mbavu na ya tumbo, nyama yenye mafuta na nyuzi nyeupe ngumu ziitwazo kolajeni. Kolajeni ikipata joto la nyuzijoto 70 na kuendelea, na ikakaa humo kwa muda mrefu, inalainika taratibu na kugeuka ute mzito unaonatanata midomoni. Kwa hiyo bega ukilipika sana linakuwa laini zaidi. Mpishi wa kitimoto anajua hivyo kwa mikono yake, hata kama hajawahi kulisikia neno kolajeni.

Chopsi ni habari nyingine. Hiyo inatoka mgongoni, kwenye msuli mrefu unaopita pande mbili za uti wa mgongo, ile nyama ya sarara, ikiwa bado imeshikana na mfupa wa ubavu. Msuli huo haubebi kazi nzito katika maisha ya mnyama. Kolajeni yake ni kidogo, mafuta ndani yake ni kidogo, na nguruwe wa siku hizi wenye damu ya Landrace na Large White wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wawe na nyama nyingi na mafuta machache. Maana yake ni kwamba kwenye chopsi hakuna kitu cha kusubiri kilainike. Nyama hii ni laini tangu buchani. Kila dakika unayoiongezea jikoni baada ya kuiva ni dakika ya kuifukuzia maji.

Na maji ndiyo kila kitu. Nyama mbichi ya namna hii, kiasi cha robo tatu ya uzito wake ni maji, na maji hayo yamo ndani ya nyuzi za msuli. Joto la katikati likifika nyuzijoto 50 hivi, nyuzi zinaanza kujikaza. Likivuka 60 zinasinyaa na kuwa fupi, na maji yanatoka kama tambara linavyokamuliwa. Kwenye nyuzijoto 63 nyama bado ina maji mengi. Kwenye 70 yamepungua, lakini kama iliwekwa chumvi mapema, utamu upo na kisu kinapita bila shida. Ikifika 80 na kupanda, unachokula ni nyuzi tupu, na hapo hata mchuzi mzuri wa namna gani unalowesha nje tu, ndani haingii kitu.

Sasa tazama tunavyofanya katika nyumba nyingi. Chopsi zinatoka buchani, zinatiwa sufuriani na maji, zinachemshwa nusu saa au zaidi “kuua wadudu,” halafu zinahamishiwa kwenye mafuta ya moto zikaangwe. Nyama ambayo ingeiva vizuri kwa dakika 12 imekaa karibu na nyuzijoto 100 kwa nusu saa, kisha ikapikwa upya. Watoto wanatafuna mpaka taya zinachoka, na baba anasema nguruwe huyu alikuwa mzee. Hakuwa mzee. Nguruwe wengi wa kuchinjwa hawafikishi hata mwaka mmoja.

Hofu hiyo ya wadudu inatoka wapi? Inatoka kwa tegu wa nguruwe, na hapa sitaki kupita haraka.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, anameza mayai ya mnyoo huyo. Mayai yanaangulika ndani ya utumbo wake, lava wanapita kwenye damu na kuhamia kwenye misuli, na huko kila mmoja anajifungia katika kifuko cheupe chenye maji, cha kati ya milimita 5 na 10. Mtu akila nyama hiyo ikiwa mbichi au haijaiva, lava anakuwa tegu mkubwa ndani ya utumbo wake, mwenye urefu wa mita kadhaa. Hilo ndilo watu wengi wanalolijua. Wengi hawalijui hili la pili, ambalo ni baya zaidi: lava wanaoingia kwenye ubongo wa binadamu na kuleta kifafa hawatoki kwenye kipande cha nyama uliyokula. Wanatoka kwenye mayai, yale yaliyomo katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakikufikia kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga za majani zisizooshwa vizuri au kwa maji machafu. Mtu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, kwa sababu tu jirani yake ana tegu na hakuna choo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye mnyoo huyu, yeye ndiye chanzo cha kifafa kwa asilimia 30 hivi ya wagonjwa. Hapa kwetu, Mbulu mkoani Manyara, watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, kwa nguruwe na kwa binadamu. Kwa hiyo simcheki mtu anayeogopa. Ninachomwambia ni kwamba sufuria ya kuchemshia chopsi nusu saa haikati mzunguko huo. Mzunguko unakatwa na choo kinachotumika na watu wote wa nyumba, nguruwe kufungiwa bandani, mikono kunawiwa kwa sabuni, na mkaguzi anayepasua misuli ya mnyama machinjioni na kutazama kabla ya kugonga muhuri wake wa wino. Jiko lina kazi moja tu katika orodha hiyo, kuhakikisha nyama imepata joto la kutosha mpaka katikati. Nimesema joto la kutosha. Sikusema saa nyingi.

Joto la kutosha ni lipi? Marekani, Wizara ya Kilimo ilishusha kiwango chake mwaka 2011. Kabla ya hapo iliwaambia wananchi wapike vipande vya nguruwe mpaka nyuzijoto 71; tangu hapo inasema 63, kisha nyama ipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa. Kwa nguruwe wao, ambao wengi wanafugwa ndani na kukaguliwa, hilo ni sawa. Shirika la Afya Duniani, likizungumza na nchi zote na kuhusu vyakula kwa jumla, linasema 70. Mimi kwa hapa nyumbani nashika 70. Nguruwe wengine bado wanazurura vijijini, na si kila kilo inayouzwa imepita mbele ya mkaguzi. Nyuzijoto 70 ni salama, na nitakuonyesha kwamba nyama inaweza kufika hapo ikiwa bado na maji yake.

Neno moja la pembeni kabla sijaendelea. Ile homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, inaua nguruwe na kuwafilisi wafugaji, lakini haimwambukizi binadamu. Ikitangazwa wilayani kwako, fuata amri ya kutosafirisha nyama na mifugo. Usiichanganye na tegu.

Haya, twende buchani. Kwanza muhuri. Pili, mkato. Buchani kwetu nyama ya nguruwe mara nyingi inalazwa juu ya gogo na kukatwa kwa shoka au panga, pamoja na ngozi yake, upande mmoja mwembamba na upande mwingine mnene, na vipande vidogo vya mfupa vimetawanyika humo. Kipande cha namna hiyo hakiwezi kuiva sawasawa hata kwa mpishi hodari. Upande mwembamba umeshakauka wakati upande mnene bado ni mbichi. Sema na muuzaji kabla hajainua shoka.

“Kaka, naomba sarara yenye mfupa, vipande vinne, unene wa vidole viwili.”

“Dada, si nikukatie vyembamba upate vingi?”

“Hapana kaka, nataka vinene. Na mfupa ukate kwa msumeno, shoka liache.”

Vidole viwili ni kama sentimita 3. Huo ndio unene ninaoupenda, kwa sababu unakupa muda wa kubabua nje bila kuua ndani. Kipande cha sentimita 1 kinaiva kwa dakika 2 au 3 kila upande, na ukigeuka kumwitikia jirani dirishani kimeshakauka. Kama bajeti ni ya vipande viwili vinene kwa watu wanne, pika viwili, kisha uvikate vipande vya kugawana mezani. Mwambie pia aondoe ngozi, abakize mafuta meupe kiasi cha nusu sentimita hadi moja pembeni. Ngozi ikipata moto inavuta na kukunja nyama yote.

Ukifika nyumbani, kazi ya kwanza ni chumvi. Kama una kalamu, andika hapa. Maji lita 1, chumvi laini vijiko 3 vya chakula, sukari kijiko kimoja. Koroga mpaka viyeyuke. Tumbukiza chopsi, funika, weka kwenye friji kwa saa 2 hadi 4. Basi. Ukipenda tia punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa na pilipili manga, lakini kinachofanya kazi ni chumvi. Chumvi inaingia kwenye nyama na kulegeza protini za nyuzi, nazo zinashika maji zaidi na kuyaachia kwa shida moto ukifika. Ndiyo maana nasema nyuzijoto 70 haitishi. Chopsi iliyokaa kwenye maji ya chumvi ina akiba, na ile isiyokaa haina. Usiiache humo mpaka kesho yake, itakuwa na chumvi ya kukera na nyama itakuwa ngumu kwa namna nyingine, kama ile ya makopo.

Huna friji? Paka chumvi kavu kwenye chopsi pande zote, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa nusu kilo hivi, funika, iache mahali penye ubaridi kwa nusu saa hadi saa moja, usizidishe. Utaona mwanzoni nyama inatoa majimaji juu, halafu majimaji yanarudi ndani. Hilo ndilo unalolingojea.

Na viungo vya kulainishia? Watu wa pwani wamejua siku nyingi kwamba papai bichi lililosagwa linalainisha mishikaki ya ng'ombe. Ni kweli, papai bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na tangawizi mbichi nayo inacho cha kwake. Lakini nyama ya ng'ombe ya paja ina haja hiyo na chopsi haina. Ukiilaza chopsi kwenye papai usiku kucha, asubuhi utakuta juu imekuwa uji. Ndimu nayo ikikaa muda mrefu inapausha nyama kwa nje na kuikaza. Mimi naitaka ndimu mwishoni, mezani, ikiwa mbichi. Tangawizi kidogo kwenye mchuzi inatosha.

Toa nyama kwenye maji ya chumvi, uikaushe kwa kitambaa safi. Ikaushe kwelikweli, pande zote, mpaka mkono uone imekauka. Nasisitiza kwa sababu rangi ile ya kahawia yenye harufu inayowaita watu jikoni inahitaji joto la kama nyuzijoto 140 na zaidi juu ya nyama, na maji hayavuki 100. Maji yakiwepo, kikaango kinachemsha, hakibabui. Kisha chukua kisu chenye makali, ukate mafuta ya pembeni mara tatu au nne, usichome nyama yenyewe, ili ukanda ule ukisinyaa usiikunje chopsi ikawa bakuli.

Kikaango kiwe kizito, cha chuma kama unacho. Sufuria nyembamba ya alumini inaunguza pale penye moto na kupoa penginepo. Kwenye jiko la mkaa, sogeza makaa mengi upande mmoja uwe na pa moto mkali na pa moto mdogo. Tia mafuta ya alizeti kijiko kimoja na nusu, ngoja yatetemeke, usingoje yatoe moshi mzito. Weka chopsi. Sikiliza. Mlio unaotakiwa ni wa kuchachatika mfululizo. Ukisikia kimya chenye mvuke, kikaango hakijapata moto au umejaza vipande vingi mno. Viwili kwa wakati mmoja vinatosha.

Anza kwa kuzisimamisha chopsi kwa upande wa mafuta, uzishike kwa koleo la jikoni dakika 2. Utaona ukanda mweupe unaanza kuwa wa kioo, halafu wa dhahabu, na mafuta yake yanateremka kwenye kikaango. Hayo ndiyo utakayopikia. Zilaze sasa, na uzigeuze kila baada ya dakika moja au mbili. Wengi tumefundishwa kugeuza mara moja tu. Ukigeuza mara kwa mara, joto linaingia taratibu kutoka pande mbili, na ule ukanda wa kijivu uliokauka chini ya ganda unakuwa mwembamba. Baada ya dakika 8 hivi, ganda likiwa zuri, hamisha kikaango kwenye moto mdogo, tia kipande cha siagi na kitunguu saumu, chota mafuta kwa kijiko uimwagie nyama juu. Kwa unene wa sentimita 3, kazi yote ni kama dakika 10 hadi 14. Nasema “kama” kwa sababu moto wa mkaa wako siujui.

Ndiyo sababu nakuomba ununue kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano. Ni chombo kidogo, na thamani yake ni kubwa kuliko sufuria ya tatu uliyo nayo kabatini. Kichome kutoka pembeni mpaka katikati ya nyama, karibu na mfupa bila kuugusa, maana hapo ndipo joto linapochelewa. Kikisoma 67, toa nyama, iweke kwenye sahani yenye moto kidogo, uifunike bila kuibana. Kwa dakika 5 zinazofuata joto litaendelea kupanda lenyewe. Pima tena. Ikifika 70 umemaliza. Isipofika, irudishe kikaangoni dakika moja. Usihukumu kwa rangi peke yake. Chopsi inaweza kubaki na wekundu hafifu karibu na mfupa ilhali imeshaiva, na inaweza kupauka mapema ilhali bado. Asiye na kipimajoto apasue kidogo kando ya mfupa kwa ncha ya kisu. Nyama iwe imeshikamana, isiwe na utelezi wa ubichi, na majimaji yawe meupe. Kama ana shaka, airudishe motoni. Ubaya ni kwamba atakuwa anakisia, na anayekisia huzidisha.

Wakati nyama inapumzika, usioshe kikaango. Ule ukoko wa kahawia ulioganda chini ndio mchuzi wako. Mwaga mafuta yaliyozidi, kaanga kitunguu maji kilichokatwa vyembamba na tangawizi kidogo, tia maji ya ukwaju nusu kikombe, kwangua kwa mwiko mpaka ukoko wote uyeyuke, uache mchuzi uchemke mpaka uwe mzito kidogo. Mimina na yale majimaji yaliyotoka kwenye nyama iliyopumzika. Usitie chumvi kabla ya kuonja. Andaa chopsi na ugali, ndizi za kuchoma au viazi, na kachumbari yenye ndimu ya kutosha.

Msikilizaji, ukienda buchani wiki hii, ulizia muhuri wa mkaguzi kabla ya kuulizia bei. Ukioneshwa, chukua sarara yenye mfupa, unene wa vidole viwili, na nenda kaijaribu. Usipooneshwa, usinunue, na umwambie muuzaji wazi kwa nini hununui. Nawe unayefuga, fungia nguruwe wako bandani, na hakikisha kila mtu wa nyumbani kwako ana choo cha kwenda.